Tarehe ya mshahara ni suala la afya

Mhariri,

Mshahara ukichelewa hata siku kumi, mfanyakazi hupunguza chakula kwanza, kisha dawa. Mwenye presha hukata kidonge nusu au kuruka siku, na presha hupanda bila yeye kuhisi lolote. Anayemeza glibenklamaidi kwa ajili ya kisukari yuko hatarini zaidi, kwa kuwa dawa hiyo hushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Akiimeza alfajiri kwa chai ya rangi pekee, kisha aingie kwenye grinihausi yenye joto, saa nne anatetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki. Kama bado anaweza kumeza, apewe papo hapo vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, kisha chakula. Akizimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitalini.

Kulipa kila kitu Ijumaa jioni nako kuna hatari zake, na pombe ni mojawapo. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mshahara ulipwe siku ya kazi, saa za kazi, wala si mahali panapouzwa pombe.

Tunaomba mashamba ya maua hapa Naivasha yalipe mara mbili kwa mwezi, katikati ya wiki, na tarehe isiyumbe. Mtu akijua pesa inaingia tarehe 15, ataweza kupanga kununua dawa kabla vidonge havijaisha. Tarehe inayohamahama ndiyo humfikisha kwa mkopeshaji.

Wauguzi wa zahanati,
Naivasha, Nakuru