Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Kisumu: Dawa za Chupa Zinahitaji Spiriti Safi na Lebo

Mheshimiwa Waziri,

Sisi ni wakuzaji na watengenezaji wa dawa za mitishamba hapa Kisumu. Tunakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe liko hadharani. Ukipita Kibuye, Kondele au Ahero utakuta meza za manyasi, yaani dawa za mitishamba, zimepangwa chupa za soda zilizojazwa maji ya mizizi, na mnunuzi hana njia ya kujua ni mti gani, umetengenezwa lini, wala kama dawa ile imeshachacha. Wapo wanaotaka msako. Msako huondoa chupa za leo, na kesho zinarudi zikiwa zimefichwa chini ya meza, mahali ambapo hata afisa wa afya hazioni. Tunaomba mambo mawili badala yake: mtengenezaji aliyesajiliwa apate njia halali ya kununua ethanoli safi, yaani pombe tupu iliyo ndani ya spiriti, kwa kiasi kidogo, na chupa yoyote ya dawa ya mitishamba isiuzwe bila lebo.

Tuanze na maji, maana ndiko matatizo mengi yanakozaliwa. Mizizi au magome yakichemshwa hutoa dawa, lakini hutoa pia sukari na wanga, na hivyo ni chakula kizuri cha vijidudu. Kwa joto la Kisumu, maji hayo yanafaa kunywewa siku ileile. Kwenye friji yanaweza kufika siku mbili au tatu. Baada ya hapo chupa huanza kujaa gesi, maji yanakuwa na utelezi, na harufu inageuka. Anayechemsha upya ili kuokoa mali yake huua vijidudu, ila sumu ambazo vimekwisha kuacha si zote zinazoondoka kwa moto, na mafuta yenye harufu, ambayo mara nyingi ndiyo dawa yenyewe, yanapotea na mvuke. Hasara nyingine iko msituni: kila chupa inayochacha inabidi irudishiwe magome mapya.

Njia ya kuondoka hapo inajulikana: kuloweka mmea kwenye spiriti, yaani kutengeneza tincha. Ikitengenezwa sawasawa na kuwekwa gizani, hukaa miaka miwili au zaidi bila kuharibika. Kipimo cha kawaida cha mmea mkavu ni 1:5, gramu 200 za mmea kwa lita 1 ya spiriti iliyopunguzwa nguvu. Mmea hukaushwa kivulini, kwenye chekeche zinazopitisha hewa chini na juu, kamwe si kando ya barabara wala juu ya bati. Jani liko tayari linapovunjika likikunjwa. Kijiti kikipinda bila kukatika bado kina maji, na kikifungwa hivyo kitaota ukungu ndani ya gunia. Gome au mzizi hutwangwa uwe chembe ndogo lakini si unga laini, kwa sababu unga hugandamana chini na kuziba kitambaa cha kuchujia. Loweka siku 14 kwenye chupa ya kioo iliyofungwa, tikisa kila siku, kisha kamua na uchuje. Usitarajie lita nzima: makapi hubaki na sehemu, na kwa mkono utapata kama mililita 800. Tincha huwekwa kwenye chupa za kahawia, kwani mwanga nao huiharibu.

Nguvu ya spiriti ndiyo inayowashinda wengi. Chini ya asilimia 20 ya ethanoli, tincha haina ulinzi wa kutosha na itachacha. Mmea mbichi huleta maji yake mwenyewe, na majani mabichi yanaweza kuwa robo tatu maji. Mtu akijaza kilo 1 ya majani mabichi kwenye lita 1 ya kinywaji kikali cha asilimia 40, ana mililita 400 za ethanoli ndani ya mililita 1,750 za majimaji, sawa na asilimia 23 hivi. Hapo yuko ukingoni kabisa. Ndiyo maana mmea mbichi huhitaji spiriti ya asilimia 95 au 96, kwa kipimo cha 1:2.

Tena kila mmea una nguvu inayoufaa. Gome la Warburgia ugandensis, ambalo Wakikuyu huliita muthiga na Wamaasai osokonoi, lina ukali wa pilipili usioyeyuka vizuri majini. Lipe asilimia 60 hadi 70. Tangawizi ni vivyo hivyo: ukiiloweka kwenye spiriti ya asilimia 30 utapata wanga na mashapo, na ukali utabaki kwenye makapi. Mimea yenye utelezi hutaka spiriti hafifu zaidi, la sivyo ule utelezi unaganda mabonge. Kupata asilimia 60 kutoka 96, gawanya 60 kwa 96: mililita 625 za ethanoli, kisha ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka alama ya lita 1. Usipime maji mililita 375 ukadhani umefika, kwa sababu ethanoli na maji vikichanganyika hupungua ujazo. Haidromita ya pombe, kifaa kinachoelea cha kupimia nguvu ya spiriti, nayo husomwa kwa nyuzi 20. Kwa mchana wetu wa nyuzi 30, ikionyesha 60, nguvu halisi ni kama 56. Mheshimiwa, hesabu hii haihitaji shahada, inahitaji mtu wa kuifundisha na kifaa cha bei nafuu.

Sasa tufike kwenye spiriti yenyewe. Muhoroni, ndani ya kaunti yako, kuna kiwanda kinachogeuza molasi ya miwa kuwa ethanoli. Lakini mtengenezaji mdogo anayehitaji lita tano hana mlango wa kuingilia. Kinachompata kirahisi ni spiriti ya hospitali ya kusafishia vidonda, spiriti ya viwandani au chang'aa, na vyote vitatu havifai. Spiriti ya vidonda na ya viwandani hutiwa vitu makusudi isinywewe, na mara nyingine kimojawapo ni methanoli. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi inayoharibu mshipa wa jicho, na baadaye huua. Huwezi kuigundua kwa kunusa, kwa kuonja, wala kwa kuiwasha kijikoni. Kenya imezika makumi ya watu kwa pombe yenye methanoli mwaka 2014, na Kirinyaga ililia tena Februari 2024. Chang'aa haina nguvu inayojulikana, hivyo hakuna hesabu ya hapo juu inayowezekana. Tunajua ushuru na leseni za ethanoli viko mikononi mwa serikali ya kitaifa. Tunachokuomba ni kaunti yako isimame kati: ushirika mmoja uliosajiliwa ununue ethanoli ya kiwango cha chakula, iliyo na cheti cha kupimwa, igawiwe kwa madumu ya lita 5 yaliyofungwa, na kila lita iandikwe kwenye daftari ambalo afisa wako anaweza kulikagua wakati wowote.

Kuhusu lebo, tunapendekeza iwe fupi na iwe ya lazima. Jina la kisayansi la mmea liwepo, kwa sababu majina ya sokoni yanadanganya. Mwarobaini, Azadirachta indica, huchanganywa na Melia azedarach, mti wa kivuli uliojaa mijini, ambao matunda yake ni sumu. Ni rahisi kuitofautisha ukiangalia jani: la mwarobaini vijani vyake vimepangwa pande mbili za kikonyo kimoja, la Melia kikonyo hugawanyika tena kwanza. Sehemu ya mmea iandikwe, gome au jani au mzizi. Kipimo cha 1:5 kiandikwe, ambacho humwambia mhudumu wa afya kwamba kijiko kidogo cha mililita 5 kina gramu 1 ya mmea. Nguvu ya ethanoli iandikwe pia, kwani kijiko hicho kwa asilimia 50 kina mililita 2.5 za pombe tupu. Tarehe ya kutengenezwa, namba ya fungu na simu ya mtengenezaji zisikosekane. Liwepo pia onyo kwamba tincha ya spiriti si ya wajawazito, watoto, wenye ugonjwa wa ini, wala anayemeza dawa ya vijidudu iitwayo metronidazole. Kwa hao na kwa Waislamu, kuna njia ya glisarini: isipungue asilimia 60 ya mchanganyiko, na mmea uwe mkavu. Haivuti utomvu kama spiriti, na mnunuzi aambiwe hivyo.

Lebo isiruhusiwe kudai kuponya malaria, kisukari au saratani. Tunalisema hili sisi wenyewe, watu wa mitishamba: mtoto mwenye homa katika ukanda huu wa ziwa apelekwe kupimwa malaria kwanza, na hakuna chupa yetu inayopaswa kumchelewesha. Tincha za utomvu hugeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa kwenye maji, na hilo si kuharibika. Lakini chupa inayotoa povu inapofunguliwa imwagwe.

Neno kidogo kuhusu magome. Mwiria, Prunus africana, uko chini ya ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995, lakini mti ukivuliwa gome kuuzunguka hufa hata kama sheria iko kabatini. Gome likatwe kwa vipande vya wima pande mbili zinazotazamana, mti uwe na kipenyo cha zaidi ya sentimita 30, na usiguswe tena mpaka kidonda kizibe. Mukombero, unaochimbwa kutoka msitu wa Kakamega, ubakiziwe mzizi mkuu. Majani ya muthiga yana ukali unaokaribia wa gome, na tungependa vitalu vya kaunti viuoteshe kwa ajili ya majani.

Sheria ya Afya ya 2017 tayari inautambua utabibu wa asili, na hatuombi kuiruka Bodi ya Dawa na Sumu. Mtengenezaji mdogo anahitaji ngazi ya kwanza kabla ya kuifikia bodi hiyo. Jumapili, siku kubwa ya soko Kibuye, ingefaa kuwa siku ya kuanza: meza moja ya idara yako, afisa mmoja, mizani, haidromita na karatasi za lebo. Tutaleta watu wetu na chupa zetu zipimwe mbele ya wanunuzi, na itakayoshindwa tutaimwaga papo hapo.

Wako kwa heshima,
Wakuzaji na watengenezaji wa dawa za mitishamba, Kisumu