Barua kwa mwanangu: usituweke rehani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Muheza. Sote hatujambo, na bibi yako amesisitiza nianze kwa kukuuliza kama unakula vizuri. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kila tunapozungumza jioni unaniambia mtandao unasumbua, na jambo hili sitaki likatikie njiani. Lisome lote kabla hujajibu, hata pale utakapoona nimekukera.

Wiki iliyopita niliipeleka kwa fundi wa pale stendi ile simu uliyomwachia mdogo wako, kwa kuwa chaji yake ilikuwa haifiki hata adhuhuri. Fundi alipomaliza kubadilisha betri aliniuliza, kwa adabu kabisa, kama ninafahamu kuwa ndani yake kuna programu ya mikopo. Akaifungua mbele yangu, kisha akaingia kwenye mipangilio ya simu na kunionyesha ruhusa ilizopewa: kusoma majina na namba zote zilizohifadhiwa, kusoma jumbe, kuona picha, kutumia kamera na kujua mahali simu ilipo. Zote zilikuwa zimekubaliwa. Programu yenyewe ilitaka namba ya siri ambayo sina, kwa hiyo sijui kama ulikopa au uliingia kutazama tu ukatoka. Ninakuuliza wewe moja kwa moja, mwanangu: ulikopa?

Ninauliza kwa sababu nimeona kwa macho yangu mikopo hii ya kausha damu inakoishia. Unamfahamu yule kijana wa nyumba ya pili, dereva wa bodaboda. Miezi michache iliyopita nilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua, ukisema kwamba kijana huyo amekopa fedha kwenye programu yao, kwamba ameniandika mimi kuwa mdhamini wake, na kwamba nimwambie alipe kabla ya saa kumi jioni la sivyo hatua zitachukuliwa dhidi yetu sote. Sikuwahi kumdhamini mtu yeyote kwa simu. Nilidhani ni matapeli wale wale wa “ile hela tuma kwenye namba hii,” ambao siku hizi hata bibi yako anawaweza. Alishamjibu mmoja wao kwamba hela ipo, aje nyumbani aichukue na kitambulisho. Nikaupuuza. Saa moja usiku nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp nisilolijua, na ndani yake nikamkuta mwalimu mkuu wa shule aliyosoma, mjomba wake wa Korogwe, wateja wake, na mzee ambaye binti yake alikuwa akitaka kumposa. Juu kabisa iliwekwa picha ya kijana akiwa ameshika kitambulisho chake cha taifa karibu na kidevu, ile aliyopigwa na programu siku ya kujiandikisha, na chini yake neno TAPELI kwa maandishi mekundu.

Aliomba shilingi 100,000 kwa ajili ya tairi. Zikaingia 70,000, kwa kuwa 30,000 zilikatwa mapema kwa jina la ada ya huduma, na akatakiwa kurudisha 100,000 kamili baada ya siku saba. Wewe unayesoma takwimu hunihitaji kukupigia hesabu, lakini nitaipiga: hiyo ni karibu asilimia 43 ya fedha aliyoishika mkononi, kwa juma moja. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Siku ya nane alikopa kwenye programu ya pili ili kulipa ya kwanza, na baada ya hapo hakuna aliyejua tena anadaiwa na nani. Pikipiki imeuzwa, posa imevunjika, naye yuko Tanga mjini na haji nyumbani hata siku za sikukuu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo linaloninyima usingizi. Fedha hulipwa. Hata deni kubwa, ukikaa na watu ukalipanga, lina mwisho wake. Lakini kijana yule hakuwa na shamba wala nyumba ya kuweka dhamana, kwa hiyo aliweka rehani watu. Alituweka sisi, bila kutuuliza na pengine bila kujua, siku alipobonyeza neno “ruhusu.” Orodha ya majina iliyomo kwenye simu yako inahifadhiwa na wewe, lakini majina yenyewe ni ya wenyewe. Namba ya bibi yako ni ya bibi yako, na alikupa ili umpigie.

Unajua kwamba ninashika ufunguo mmoja kati ya mitatu ya sanduku la kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Miaka yote hii sijawahi kulifungua nikiwa peke yangu, kwa sababu lina kufuli tatu na washika funguo wengine wawili hawakai nyumba moja nami. Anayetaka kukopa husimama mbele ya wanachama akataja kiasi na shughuli yake, na mdhamini wake hukaa pale pale, akasikia, akauliza maswali, ndipo akaweka saini au dole gumba. Nimeshaona mdhamini akikataa mbele ya kikao kizima na watu wakaendelea kuwa marafiki. Mtu ana haki ya kusema hapana kabla jina lake halijatumika. Haki hiyo ndiyo wewe, kama ulikopa, uliyotunyima mimi, bibi yako, ustadhi wako na yule mwalimu wa hesabu ambaye hadi leo anakutaja mbele ya wanafunzi wake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wewe ndiye hodari wa kupanga majina. Kwenye simu ile nimeona ulivyotuandika: Mama, Bibi Mzaa Mama, Shangazi Pangani, Mama Mkubwa Korogwe, Mwalimu Hesabu, Ustadhi Madrasa, Baba Mwenye Nyumba Dodoma. Nilijivunia niliposoma, kwa maana ni kazi safi ya mtu mwenye akili iliyotulia. Baadaye nikawaza kwamba mdai naye atasoma orodha hiyo hiyo, na hatahitaji kukisia ni nani akipigiwa wewe utaona aibu zaidi.

Usiniambie kwamba ikifutwa yamekwisha. Nilimwambia fundi aifute, naye akanieleza kwamba kwanza tuondoe ruhusa moja moja ndipo tuifute, na tukafanya hivyo, lakini majina yaliyokwisha kunakiliwa hayarudi. Alinieleza pia kwamba tangu mwaka 2023 Google imezuia programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake kusoma majina na picha za mtumiaji, ila nyingine hazipiti dukani kabisa. Zinasambazwa kwa kiungo kwenye WhatsApp au kwenye matangazo ya Facebook, mtu anabonyeza na kuipakua mwenyewe. Hii ya kwako iliingia kwa njia ya kiungo. Nani alikutumia? Kama ni rafiki yako wa chuoni, naye ana hatari hiyo hiyo, na umwambie bila kumficha.

Najua utasema Serikali imeshughulikia. Ni kweli, na ninaishukuru. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya kidijitali bila leseni, baada ya kutoa mwongozo mwaka huo huo unaogusa uwazi wa gharama, namna ya kudai madeni na faragha ya mkopaji. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko ya watu ambao taarifa zao zimetumiwa vibaya. Nilimshauri mama wa yule kijana aende huko, lakini alikuwa ameshauza mbuzi wake kulipa, na alichotaka wakati huo ni watu waache kumwangalia sokoni. Sheria humkamata mkosaji baada ya kundi la WhatsApp kufunguliwa, na mimi sitaki hilo kundi lifunguliwe hata kidogo. Ndiyo maana ninarudia: kama ulikopa, niambie sasa, kabla kundi hilo halijafunguliwa.

Ninakumbuka pia kwamba mwezi wa nane ulipokuwa likizo uliniomba shilingi 80,000 za kutengeneza kompyuta, nami nikakujibu mbele ya shangazi yako kwamba fedha haziokotwi na usubiri machungwa yauzwe. Uliondoka barazani bila kumaliza chai yako. Wiki iliyofuata kompyuta ikawa imepona, na mimi nikafurahi wala sikuuliza. Fundi amenionyesha kwamba programu ile iliingizwa kwenye simu mwezi huo huo wa nane.

Kuhusu maisha ya huko chuoni, ninaelewa kwamba fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo, hizo mnazoziita bumu, hupigiwa hesabu ya 10,000 kwa siku, na kwamba huja kwa awamu na haziji siku ile mtu anapoishiwa. Hapo katikati ndipo programu hizi zinapowavizia wanafunzi. Basi zikiingia, lipa chumba kwanza, nunua mchele, unga na mafuta ya kukutosha, na kiasi kidogo kiweke mahali ambapo si rahisi kukitoa usiku ukiwa umelala na simu mkononi. Ukiishiwa, niambie nimeishiwa. Usiniandikie salamu ndefu ya kuuliza hali ya kuku ukitegemea nitakisia. Safari zote hizo sikukisia. Kama siku moja utalazimika kukopa kwa simu, kopa kwa mwenye leseni, na orodha yao huwekwa kwenye tovuti ya Benki Kuu. Programu ikikuomba majina ya watu kabla ya kukupa senti, ondoka hapo hapo. Tochi ya simu haina haja ya kujua namba ya shangazi yako, na mkopo nao hauna.

Na hizo picha za kushika kitambulisho, usijipige tena kwa ajili ya mtu yeyote bila kujua zinakwenda wapi.

Umeme uliotununulia Jumapili ulifika, Mungu akubariki. Bibi yako hakubali mtu mwingine aingize zile tarakimu 20. Anamsimamisha mdogo wako azisome nne nne kwa sauti, yeye anabonyeza, na mita ikikubali anakuombea dua wewe na wala si mimi niliyekuzaa. Anataka kujua kama ni kweli namba yake nayo imo kwenye ile orodha. Nimemwambia imo. Amesema akipigiwa na mtu anayekudai atazungumza naye mwenyewe, na ninaamini atazungumza, lakini ni mtu mzima mwenye shinikizo la damu na sitaki simu ya namna hiyo imfikie.

Paa la jiko limeanza kuvuja upande wa kuni na mabati mawili yanatosha kulimaliza. Machungwa ya shamba la juu yaliuzwa kwa bei ya wastani, mnunuzi alilipa yote kwa simu, na fedha hiyo sijaigusa. Mabati yanaweza kusubiri mvua nyingine. Shangazi yako amepata kazi ya kushona sare za shule na anakusalimu sana. Ametaka umfundishe namna ya kuweka picha za nguo zake mtandaoni, nami nimemwambia wewe ndiye mwalimu wake, kwa maana hakuna mtu katika ukoo huu anayeelewa mambo hayo kukushinda. Ninasema hivyo kwa watu kila siku. Wewe ndiye wa kwanza wa nyumba hii kufika chuo kikuu, na sijabadilisha maneno yangu kwa sababu ya programu moja.

Nijibu kwa maandishi kabla ya Alhamisi, maana kikundi kinakutana mchana wa siku hiyo na nikitaka kuomba chochote ni lazima nisimame mwanzoni mwa kikao. Kama hukukopa, andika tu “sikukopa,” nitakuamini na hatutarudia tena. Kama ulikopa, andika jina la programu, kiasi ulichopokea, kiasi wanachodai na tarehe ya mwisho, na kama ziko mbili au tatu ziandike zote, usinifiche ndogo kwa kuona aibu ya kubwa. Usiwatumie chochote kwanza, na usikope pengine ili kuwalipa. Simu ya mdogo wako iko kabatini mwangu, imezimwa mpaka nipate jibu lako, naye ananiuliza habari zake kila asubuhi kabla hata ya kuamkia.

Akupendaye,
Mama yako