Risala ya vijana wa kompyuta Kisauni kwa mgeni rasmi, mheshimiwa mbunge

Mheshimiwa mbunge wetu, mzee wa mtaa, walimu, kina mama na vijana wenzangu, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Karibu sana Kisauni mheshimiwa. Vyeti vya hawa waliomaliza kozi utavitoa sasa hivi inshallah, ila kuna jambo kikundi kizima tumekubaliana tulilete kwako manake wewe ndio sauti yetu kule Bungeni.

Ni jinsi anavyopatikana huyu mkurugenzi wa Mamlaka ya TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano), ICT Authority. Hiyo mamlaka iliundwa 2013 kwa kuunganisha ofisi tatu za serikali zilizokuwa zashughulikia kompyuta na mtandao, na leo ndiyo yaweka viwango vya sistimu za serikali, yaani anayekaa pale si mtu mdogo. Nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zilitua hapa hapa Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010, intaneti ya nchi yapita mlangoni kwetu, lakini bosi akitafutwa sisi twasikia tu kwa redio ameshapatikana.

Sasa angalia Kamishna wa Data, yule anayelinda taarifa za watu binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka Tume ya Utumishi wa Umma iwafanyie watu intavyuu, Rais ateue jina, kisha Bunge lilipitishe ama lilikatae, na akishaingia ana miaka 6 mara moja tu, hakuna kuongezewa. Bi Immaculate Kassait alihojiwa na kamati ya Bunge 2020 kabla hajaapishwa. Huyu wa TEHAMA hapiti huko, mambo yake yaishia kwa bodi na wizara. Hatuna ugomvi na mtu, wala hatusemi aliyeko hafai, ila Ibara ya 232 ya Katiba yasema kazi ya umma, mpaka kwenye mashirika ya serikali, ipatikane kwa ushindani wa haki na uwezo.

Twakuomba upeleke mswada naye ahojiwe hadharani. Aulizwe ameshaendesha sistimu kubwa gani, sava zikianguka usiku yeye hufanya nini, na je ana hisa ama ndugu kwenye kampuni inayouzia serikali mitambo? Hilo la mwisho msiliwache kabisa, manake tenda za kompyuta ni za pesa nyingi na wengi hawazielewi, ndio mwanya ulipo. Julai 2023 eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, iliposhambuliwa na wadukuzi watu walikwama, hata kukata tiketi ya treni ilikuwa taabu, na mwananchi wa kawaida hajui amuulize nani.

Na akishateuliwa asiachwe. Ibara ya 229 yawapa nyinyi wabunge miezi 3 mukishapokea ripoti ya Mkaguzi Mkuu mujadili na muchukue hatua. Ripoti ya mamlaka hii ikija, tuletee nakala hapa ukumbini, tutaisoma pamoja na maswali yetu utaondoka nayo.

Ahsante sana mheshimiwa.

Ni sisi wanakikundi, Kisauni, Mombasa.