Mzee asiyefika dirishani naye aandikwe

NDUGU Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wizara zetu kupitia gazeti lako. Siku hizi zote ziko hapa hapa Dodoma, Mtumba zilipo ni nauli ya daladala tu, lakini ukifika getini utaulizwa una miadi na nani. Barua haiulizwi.

Hospitali na vituo vingi vya afya sasa vina dirisha la wazee, na ukutani kuna bango la kutaka mzee apishwe kwanza. Ni jambo jema na nimeliona likifanya kazi. Babu anakuja na mkongojo wake, anapishwa foleni, anaonwa, anarudi nyumbani jua halijawa kali. Ila dirisha hilo ni la mzee mwenye miguu. Yule aliyelala ndani, asiyeweza hata kujigeuza ubavu, linamsaidia nini?

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Nkuhungu. Mama mkwe wangu alipata kiharusi, upande wa kulia ukapooza, na tangu hapo yuko kwangu. Cherehani nikaitoa kibandani nikaiweka mlangoni mwa chumba chake, nashona huku namwona. Kumvisha gauni la kawaida mtu ambaye mkono haukunji ni kumtesa yeye na wewe mwenyewe, kwa hiyo nilimshonea gauni la mgongo wazi, la kufunga kwa kamba shingoni na kiunoni. Jirani aliliona limeanikwa, akataka la mama yake. Akaja mwingine. Leo magauni hayo, pamoja na matandiko ya turubai ya kuweka juu ya godoro, nayashona kama wenzangu wanavyoshona sare za shule mwezi Januari. Wateja wanatoka Kizota, Chang'ombe, Majengo, wengine wanaagiza toka Bahi na Kongwa. Kuna binti alitaka zipu iwe mgongoni na ifungwe kwa kishikizo, kwa sababu baba yake ana ugonjwa wa kusahau, na wakimwacha kidogo tu anavua kila kitu anatoka barabarani. Wapo ndugu wanaosema mzee amerogwa. Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, iko hapa hapa mjini, lakini wanaona aibu kutajwa kwamba wamempeleka mzee wao huko.

Kwa daftari langu la oda, Mhariri, naweza kukuonyesha nyumba zenye mgonjwa wa kitandani, mtaa kwa mtaa. Nikauliza kwenye ofisi ya mtaa kama nao wanayo orodha ya namna hiyo. Orodha ya kaya maskini zinazosaidiwa na mfuko wa TASAF ipo, ya wapiga kura ipo, ya wenye viwanja ndiyo usiseme. Ya watu waliolala ndani haipo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema familia ndiyo msingi wa kumtunza mzee, na makazi ya wazee yawe njia ya mwisho. Sibishani na hilo. Makazi kama yale ya Sukamahela, kule Manyoni, yawasaidie wasio na mtu kabisa. Nani anataka mama yake apelekwe huko akiwa na watoto? Lakini familia iliyoandikwa kwenye sera, ukiingia ndani ya nyumba utakuta ni mtu mmoja. Ni mke wa mtoto wa kiume, au binti aliyeachika akarudi kwao, au mjukuu wa darasa la saba ambaye mahudhurio yake shuleni yameanza kupungua. Mume wangu ni mwana mwema kwa mama yake, dawa ananunua, lakini kumwogesha mama yake mzazi hawezi na mila haimruhusu. Kwa hiyo familia ni mimi.

Januari 2024 hapa Dodoma ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Tuliambiwa watakuwa 137,294 nchi nzima ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Niliposikia nilifurahi mno, nikajua sasa kuna mtu atabisha hodi.

Na kweli mhudumu alikuja, kijana mstaarabu, ana fulana na begi. Aliuliza kama kuna mjamzito. Hakuna. Mtoto wa chini ya miaka 5? Yupo, akaangalia kadi yake. Choo, akaenda kukiona. Chandarua, ndoo ya kunawia mikono. Nikamkaribisha chumbani, akamsalimia mama kwa heshima zote, "Shikamoo bibi," mama akaitikia kwa ule upande wa mdomo unaofanya kazi. Kijana akafungua fomu, akapekua mbele, akapekua nyuma, halafu akaniambia, "Mama, hapa sina pa kumwandika." Simlaumu hata kidogo. Anajaza alichopewa.

Hapo pa kumwandika ndipo ninapopaomba. Mtu akishaandikwa, kazi ya kumfanyia inaonekana, na nyingi haihitaji daktari.

Chukua dawa za presha. Kituo kimoja cha afya kilinikatalia kuchukua vidonge kwa niaba ya mama, wakataka mgonjwa mwenyewe aje apimwe. Utaratibu nauelewa, dawa haitolewi gizani. Nikaita vijana wawili wa kijiweni, wakamtoa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mmoja huku, mmoja kule, wakamwingiza kwenye bajaji mguu uliopooza ukininginia nje mpaka tukaukunja kwa mikono. Bajaji ya kukodi kwenda na kurudi, vijana nao wana chao. Kufika, akafungwa mkanda wa presha mkononi, dakika moja imekwisha, tukapewa vidonge vya mwezi. Mwezi unaofuata hivyo hivyo. Je, kile kipimo hakiwezi kuingia kwenye begi la yule kijana? Apime nyumbani, aandike kwenye daftari la mgonjwa, nesi wa zahanati asome daftari atoe dawa. Daktari amwone mgonjwa inapokuwa na maana kumwona.

Au vidonda. Mgonjwa asipogeuzwa, mfupa wa kiuno unagandamiza nyama hadi inaoza, na kidonda cha hivyo kikishafunguka unaweza kuingiza kidole. Kukizuia ni rahisi ukiwa umefundishwa: unamgeuza kila baada ya saa mbili hivi, unaweka mto kati ya magoti, shuka lisiwe na mkunjo wala unyevu, na ukiona sehemu imebadilika rangi hapalaliwi tena mpaka pakae sawa. Mimi nilielekezwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo siku ya kuruhusiwa hospitali, tumesimama, gari linasubiri nje. Yeye ndiye aliyeniambia pia nimkalishe wima wakati wa kula na uji usiwe mwepesi kama maji, kwa sababu aliyepooza koo akinywa chepesi kinampalia na kinaweza kuingia mapafuni. Sisi huku mgonjwa tunampa uji mwepesi, tukidhani ndiyo huruma. Wateja wangu wengi hawakuambiwa neno hata moja. Wanakuja kupima turubai, narudia niliyoelekezwa, na hiyo ndiyo semina yao.

Upande wa kinga sitasema mengi, kwa sababu huko serikali inasikika. Mwaka 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza kila Jumamosi ya pili ya mwezi iwe ya mazoezi, na hapa mjini makundi ya jogging na fulana zao za rangi moja tunayaona. Waendelee. Kila Novemba kuna wiki ya magonjwa yasiyoambukiza, tunaambiwa tupunguze chumvi. Sawa, na magadi je? Mlenda wa hapa kwetu haujapikwa kama haukutiwa magadi, na magadi yana sodiamu ile ile ya kwenye chumvi. Mama mkwe wangu chumvi alikuwa anaweka kidogo, magadi alikuwa anaweka kwa mkono wa Kigogo. Presha yake haikujulikana mpaka siku aliyoanguka. Yule yule mwenye begi, akipima bibi wa nyumba hii na jirani yake wa miaka 45 ambaye bado anatembea, atakuwa amefanya kinga na matunzo kwa safari moja. Na aulize magadi.

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Nawaomba wanaopanga kitita cha huduma za bima hiyo wafikirie huduma ya nyumbani, hata kama ni kutembelewa mara chache kwa mwaka na mtu wa mazoezi ya viungo. Wenzetu wa Zanzibar tangu 2016 wanampa pensheni kila aliyefika miaka 70, awe alikuwa mkulima au karani. Ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi, ikapandishwa hadi 50,000. Pampasi za mtu mzima sizinunui, bei yake siiwezi, natumia vitambaa nafua, na Dodoma maji ni ya mgao. Fedha kama hiyo kwangu ingekuwa sabuni na maji.

Kuna jambo moja wakubwa walimalize wenyewe. Mzee, kama mzee, yuko Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Akiugua yuko Wizara ya Afya. Zahanati anayotibiwa iko TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Kila nilipouliza niliambiwa nimeulizia pasipo penyewe, tena kwa lugha nzuri. Waheshimiwa, nyie ni majirani pale Mtumba. Ongezeni mstari mmoja kwenye ile fomu: kuna mtu asiyeweza kutoka kitandani, na nani anamtunza. Hilo la pili msilisahau, kwa sababu mtunzaji akiugua vitanda vinakuwa viwili.

Wakati tukisubiri, kwa wenzangu mnaouguza: gauni la mgongo wazi la mtu wa kawaida linakula mita mbili na nusu za kitambaa cha pamba. Msikate tetroni, inashika jasho. Nyuma pande mbili zipitane kwa upana wa kiganja, asionekane akigeuzwa. Mshono wa ubavuni usiwepo kabisa, unachubua, na kamba ya kiuno ifungwe pembeni, isikae mgongoni akailalia. Fundi yeyote mtaani kwenu ataweza.

Fundi cherehani,
Nkuhungu, Dodoma
(Jina limehifadhiwa)