Mary Quant hakuwa sketi fupi tu

Ndugu Mhariri,

Magazeti yakimtaja Mary Quant, mbunifu wa mavazi wa Uingereza aliyefariki Aprili 2023 akiwa na miaka 93, habari huishia kwenye sketi fupi. Yeye mwenyewe alisema wasichana wa King's Road, mtaa wa London lilikokuwa duka lake, ndio waliotaka zifupishwe. Vijana wanaofungua maduka ya nguo hapa Kampala watafaidika zaidi wakijua alivyoliendesha duka.

Duka hilo, Bazaar, lilifunguliwa London mwaka 1955. Wenzake walikuwa Alexander Plunket Greene, aliyekuja kuwa mumewe, na Archie McNair. Mwanzoni waliuza nguo walizonunua kwa watengenezaji wengine. Pajama alizobuni mwenyewe zikachukuliwa na mwenye kiwanda Mmarekani ili azinakili, na hapo Quant akaona heri abuni nguo za duka lake mwenyewe. Alinunua mikato ya karatasi ya madukani, yaani vielelezo vya kukatia nguo, akaibadilisha. Kitambaa alikinunua rejareja Harrods, duka la bei ghali, na mauzo ya leo ndiyo yaliyolipia kitambaa cha kesho. Kwa hiyo kila mara kulikuwa na nguo mpya, na wateja walirudi. Lakini faida ilivujia kwenye kitambaa. Tuseme Kiyembe, kwenye maduka ya vitambaa hapa Kampala, mita moja ni shilingi 20,000 rejareja, na 15,000 ukichukua jora zima. Gauni la mita 2.5 limekula 12,500 zaidi kabla cherehani haijawashwa. Anayepanga bei kwa kuchungulia ya jirani haioni hasara hiyo mpaka kodi ya chumba ifike.

Mwaka 1963 alionyesha Paris makoti ya plastiki ya PVC. Yalisifiwa sana, ila ilichukua karibu miaka miwili kupata namna ya kuyashona kwa wingi. Fundi aliyewahi kushona plastiki anajua kwa nini. Tundu la sindano halizibi. Mishono ikibanana sana, matundu yanakuwa mstari wa kuchania. Mguu wa cherehani nao hunata, plastiki haisogei, sindano inapiga palepale. Refusha mshono hadi milimita 3.5 au 4, tandika karatasi nyembamba chini ya mguu kisha uichane ukimaliza, tumia vibanio badala ya pini, na pasi isiguse kabisa. Koti la mvua lazima mishono yake izibwe kwa utepe maalumu, maana uzi peke yake hauzuii maji.

Tunaomba ukurasa wenu wa mitindo, kila unapomwandika mbunifu, useme pia kitambaa alikipata wapi, kwa bei gani, na nani aliyeshona.

Mafundi cherehani,
Kampala