Mume wa kliniki na mume wa Krismasi

Ndugu Mhariri,

Nimefanya kazi kliniki ya wajawazito mkoani Njombe mpaka nilipostaafu. Mjamzito huambiwa aje na mwenza wake hudhurio la kwanza, wapimwe wote virusi vya Ukimwi na kaswende. Sasa mume yuko Dar es Salaam, au yuko kwenye lori huko Tunduma. Mama afanyeje? Anakodi kijana wa bodaboda. Kijana anakaa kwenye benchi, anatoa kidole, majibu safi, anarudi kijiweni na elfu tano yake. Sisi wauguzi tulikuwa tunajua, tukinyamaza.

Dada mmoja nilimchoma sindano ya kaswende mwezi wa kumi. Mwisho wa Januari karudi na kidonda kipya. Nikamuuliza baba alikuja lini. "Krismasi, siku nne tu." Karatasi ya kumwita mwenza niliyompa ilikuwa bado ndani ya kadi yake, imekunjwa vilevile nilivyoikunja mimi.

Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 4.4 nchi nzima, na asilimia 12.7 hapa Njombe. Watu wakisikia hivyo wanarukia mitara. Mitara ina yake, sikatai, lakini kuna mzee alikuja na wake zake watatu siku moja, wote wanne wakatibiwa, yakaisha. Lakini mwanamke wa pembeni huko Tunduma, anayejulikana na utingo wa lori peke yake, karatasi yake niitume wapi? Cheti cha kupima kabla ya ndoa nacho kinasema habari za siku ile ya kupimwa, basi.

Tangu 2019 sheria inamruhusu mtu mzima kujipima VVU mwenyewe, na hilo limesaidia. Kaswende lakini inataka sindano, na sindano inamtaka mwenyewe aje. Ombi langu kwa wakubwa wa afya ni dogo: kati ya Krismasi na mwaka mpya, wakati akina baba wamejaa nyumbani, ndipo kliniki hubaki na muuguzi mmoja anayepiga miayo. Wekeni watu siku hizo, fungueni hadi jioni, baba apimwe na kutibiwa pamoja na mkewe kabla hajapanda basi.

Na tafadhali, akishaingia, asitokee wa kuuliza yule kijana wa bodaboda aliyekuja hudhurio la kwanza alikuwa nani.

Muuguzi mstaafu,
Makambako