Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma: kijiwe chetu kinaomba hatua tisa kwa sita

Ndugu Mkurugenzi,

Mbukwenyi. Mimi ni mtu wa kuja, ila nimekaa Dodoma muda wa kutosha kuthubutu kuanza kwa salamu ya wenyeji. Ninakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni dogo, na jambo dogo likipelekwa ofisini ndani ya bahasha hulala kwenye jalada. Ninajua ninachosema, mimi ni karani wa masjala.

Wiki mbili zilizopita kijiwe chetu cha kahawa hapa Nkuhungu kilihama. Hakuna aliyetufukuza. Mwenye kiwanja, ambacho sisi tulishakizoea kama cha urithi, alimwaga tripu tatu za mchanga, na mafundi wake wakachimba msingi hadi kwenye shina la mwarobaini tuliokuwa tukikaa chini yake. Ni haki yake, kiwanja chake, hati anayo. Tulibeba mabenchi mawili, ubao wa bao na jiko la mkaa, tukavuka barabara tukakaa juani. Tangu siku hiyo watu wamepungua, na mzee wa kahawa anarudi kwake jioni birika bado zito.

Utajiuliza hilo linakuhusu nini wewe, mwenye jiji zima la kuendesha. Nivumilie.

Nilifika hapa mwaka 2017. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulikuwa wa 1973, na kwa miaka mingi wengi wetu Dar es Salaam tuliuchukulia kama hadithi ya babu, mpaka Julai 2016 Rais Magufuli aliposema sasa Serikali inahama. Tukahama. Majalada yalipakiwa kwenye malori, nasi tukafuata nyuma na mabegi. Nilipanga gesti Majengo nikaanza kutafuta chumba.

Dalali alinitoza elfu kumi ya kuniona tu. Akanionyesha masta nzuri, vigae hadi msalani. "Mwenye nyumba" akataka miezi sita mkononi, dalali akataka mwezi wake mmoja juu yake, nami nikalipa vyote kwa furaha ya mtu aliyechoka gesti. Siku ya tisa akaja dada mmoja na mtoto mgongoni, karatasi mkononi kama yangu, mwandiko uleule, chumba kilekile. Simu ya dalali haikupatikana tena. Yule mwenye nyumba naye kumbe alikuwa mpangaji aliyekuwa anahama, akaona aage kwa faida. Wanasimulia kwamba jina la Dodoma lilitokana na tembo aliyedidimia kwenye tope. Siku ile nilimwelewa yule tembo.

Tulitoka nje, mimi na yule dada, hatujui pa kwenda. Kivuli cha karibu kilikuwa cha mwarobaini ule. Mzee wa kahawa alitazama karatasi zetu mbili, akamimina vikombe viwili bila kuuliza kama tuna hela.

"Mwanangu, kabla ya kulipa ulipita kwa mjumbe?"

"Mjumbe yupi, mzee?"

Benchi zima likacheka, lakini likatusogezea nafasi. Kabla ya magharibi tulikuwa tumeshapelekwa kwa mjumbe, kutoka kwa mjumbe hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, na simu imepigwa kwa mama mwenye nyumba halisi, anayekaa Kikuyu, ambaye hakuwa na habari. Chumba akapewa yule dada mwenye mtoto. Mimi nikapewa stoo ya uani, kulipa mwezi kwa mwezi mpaka nijikusanye. Hela yangu ya miezi sita sijaiona hadi leo.

Tangu hapo nimekaa kwenye benchi lile karibu kila jioni, na nimesikia maswali ya wageni wasiopungua mia. Yanafanana. Nyumba hii ni ya nani kwa kweli? Hiki kiwanja kina kesi? Swali hilo la pili Dodoma si la mzaha. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa Mei 2017 baada ya malalamiko ya ardhi ya miaka na miaka, na wazee wa kijiweni bado wanakumbuka nani alipimiwa juu ya shamba la nani. Wanakwambia nyumba ile usipange, wenyewe ni ndugu na wanaigombania kwenye Baraza la Ardhi. Wanakwambia kakitazame chumba mvua ikinyesha, maana hapa mvua ina msimu wake mmoja, na nyumba iliyojengwa kwenye mkondo wa korongo mwezi wa tisa inaonekana kama ya peponi. Wanakwambia uulize LUKU ni ya nani: mita moja inatumiwa na wapangaji wanne, mmoja ana friji na pasi, mwingine ana taa moja, na tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo, kwa hiyo anayenunua umeme analipa kodi ya nyumba ambayo si yake. Haya hayajabandikwa ukutani popote. Yanapatikana kwa bei ya kikombe kimoja.

Na kikombe chenyewe nikisemee, maana ukikinywa utaelewa kwa nini watu hukaa. Mzee wetu ni Mrangi wa Kondoa. Buni anazinunua sokoni, anazikaanga mwenyewe kwenye kikaango cha chuma mpaka moshi uchome macho, kisha anazitwanga pamoja na tangawizi kavu. Maji ya kisima cha jirani hayagusi. Yana chumvi, anasema, na kahawa yake huwa kama imetiwa magadi. Anakusanya maji ya bomba, yale ya visima vya Mzakwe, kwenye madumu ya njano, na dumu la kahawa ana wivu nalo, hata wajukuu hawanawii. Kashata ni za karanga za mkoa huuhuu. Vikombe vinasuuzwa kwenye ndoo, jambo ambalo bwana afya wako hatalipenda. Nitakuja kwenye hilo.

Mbele kidogo yuko mama lishe wetu. Nilipofika nilikuwa kama wenzangu wa kutoka pwani: mlenda tuliufanyia utani usiofaa kuandikwa hapa. Mama huyu hakubishana nasi. Alisonga ugali wake wa uwele, wa kijivu, mzito, ambao ukiumega unaona chembe zake, akaweka kando bakuli la mlenda mkavu wa kusaga uliopikwa kwa karanga, akatuacha na wali wetu. Mwaka wa pili nilikuwa naulizia mlenda tangu saa nne asubuhi. Kwake ushauri ni wa aina nyingine, wa kina mama na mabinti. Wanachuo wanaotafuta vyumba kule Makulu na Ng'hong'hona wanapitia kwa binti zake wanaosoma nao. Ni yeye anayejua mwenye nyumba yupi ana tabia ya kugonga milango usiku, na ua upi binti anaweza kurudi saa mbili usiku bila kusindikizwa. Taarifa kama hiyo dalali hawezi kukupa hata umlipe miezi miwili.

Sina ugomvi na migahawa mipya ya kahawa yenye kiyoyozi iliyofunguliwa mjini. Nimeingia. Kahawa ni ya Watanzania, maziwa ni ya hapa, jina la Kitaliano, bei ya kikombe inanunua chakula changu cha siku mbili kwa mama lishe. Vijana wanafanya kazi mle kwa kompyuta zao, na ni vizuri jiji liwe nayo. Ila humo kila mtu anakaa na meza yake. Mgeni akiingia na karatasi yake ya kitapeli atainywa kahawa yake peke yake, atalipa, ataondoka nayo.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa. Ya 2022 ilihesabu 765,179. Hata ukiwatoa waliozaliwa hapa, bado ni umati mkubwa ulioshuka na begi ukauliza chumba kiko wapi. Tangu Agosti 2024 treni ya umeme imezinduliwa hadi hapa, na wanaoshuka hawajapungua. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilishafutwa, kwa hiyo bei na miezi ya kulipa mbele ni maelewano ya watu wawili, na mmoja kati ya hao wawili ana haraka. Baraza la Ardhi na Nyumba lipo, ila ni mahali pa kwenda ukishaliwa.

Ndiyo maana ninaomba kabla ya hapo. Ninajua wataalamu wako wa mipango miji wana rangi zao kwenye ramani: makazi, biashara, huduma za jamii, maeneo ya wazi. Ninazipitisha mezani kwangu ramani za namna hiyo. Kijiwe hakina rangi. Mtaa mpya unapimwa, viwanja vinauzwa, wenye viwanja wanajenga ukuta na geti, na kwa miaka mitano ya kwanza kijiwe kinaishi kwenye kiwanja cha ambaye hajajenga. Akijenga, kinahama. Cha pili, cha tatu, mpaka viwanja vitupu vinaisha na mzee wa kahawa anaisha navyo. Mpango Mkuu wa 1976, ule waliouchora Wakanada wa Toronto, ulikusudia mji wa mtu anayetembea kwa miguu. Anayetembea kwa miguu Dodoma, saa nane mchana, anahitaji kivuli na mtu wa kumuuliza njia.

Usinipeleke sokoni. Soko la Job Ndugai ni zuri, la wamachinga ni zuri, nanunua huko. Lakini kijiwe ni cha majirani. Ukikihamishia sokoni kinageuka biashara ya kahawa tu, na mjumbe wetu hatapanda daladala kwenda kucheza bao.

Ninachoomba ni kona moja ya kila eneo la wazi, kuanzia mitaa mnayoipima sasa hivi: miti miwili, benchi la zege, bomba na choo. Bomba likiwepo, ile hadithi ya vikombe kwenye ndoo inakwisha, na bwana afya anaweza kuja kunywa. Kisha, kwenye ofisi ya kata, jioni moja kwa wiki, afisa mmoja wa kujibu maswali ya wapangaji. Jioni, ndugu Mkurugenzi, maana sisi watumishi tunatoka saa tisa na nusu, na kutoka Mtumba, kwenye mji wa Serikali, hadi Nkuhungu ni daladala mbili. Awe na nakala za mkataba wa pango wa ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, wenye nafasi ya jina la mwenye nyumba, namba ya kitambulisho chake na muhuri wa mtaa. Karatasi kama hiyo ingeniokolea miezi sita. Kuichapa najitolea mwenyewe, ofisini tuna mashine.

Mzee hajui kama ninakuandikia. Angeona haya. Jana nilisubiri watu watawanyike, nikavuka barabara, nikakipima kijiwe cha zamani kwa miguu kabla mafundi hawajamwaga zege: hatua tisa kwa sita, pamoja na mahali pa jiko.

Wako,
Mpangaji wa uani, Nkuhungu